Waliosimama Kando ya Njia

Mchezo wa mpira una mlango, na penye mlango hapakosi mwenye kukata tiketi. Taarabu ina ukumbi wake. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ijapokuwa hauna kuta, una kiwanja ambacho mtu hana budi kufunga safari kukiendea. Mbio za baiskeli za barabarani ni kinyume cha hayo yote: mtazamaji hukaa kwao, na mchezo ndio unaofunga safari kumwendea. Hupita mbele ya nyumba yake, mbele ya duka anakonunua chumvi, chini ya mwembe anaopumzikia, kisha hutoweka. Aliyesubiri tangu alfajiri huwaona wapandaji kwa dakika moja, na pengine kwa nusu yake. Hapewi kiti, hatozwi senti, na aghalabu hamjui aliyetangulia hata kwa jina. Hata hivyo mwaka wa pili hurudi pale pale, na safari hiyo huja na watoto wake.

Ni furaha gani hiyo? Ndilo swali ninalolifuatilia hapa, na ninalifuatilia nikiwa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, mji wa bara wenye vilima, baridi kali ya Juni, na baiskeli katika kila njia ya vumbi. Msomaji wa visiwani ataniuliza Songea ina nini na mbio za baiskeli. Kwa mbio zenyewe haina kitu. Mashindano makubwa ya kimataifa hayajaupitia mji huu. Lakini watu wa kando ya njia inao, na historia yao ni ndefu, tena nzito, kuliko historia ya baiskeli. Nitarudi kwao baada ya kuzunguka kidogo duniani, kwa kuwa bila mzunguko huo hatutaelewa ni kitu gani wanachokikosa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, naanza na maneno. Wafaransa, walioulea mchezo huu, huliita kundi kubwa la wapandaji *peloton*, neno ambalo asili yake ni donge dogo la uzi. Nimelijaribu donge, nikajaribu msafara, nikajaribu hata jeshi; halikukaa hata moja. Lililokaa ni bumba, kama bumba la nyuki: huvuma kabla ya kuonekana, hurefuka na kufupika, hugawanyika penye kilima na kuungana tena mteremkoni, na ndani yake hakuna anayeonekana kuwa kiongozi. Jambo la pili ni upepo. Aliye mbele huukata upepo kwa kifua chake, na aliye nyuma hupata nafuu kubwa, ndiyo maana hupokezana. Mabaharia wetu hawahitaji kufundishwa hili. Nyuma ya mwenzio ni demani. Upande unaopigwa ni goshini. Upepo ukija ubavuni, wapandaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijibanza demani mwa mwenzake, na aliyekosa nafasi hubaki ukingoni mwa lami, yeye na upepo wake. Nahodha wa ngalawa akihadithiwa hivyo ataelewa upesi kuliko mwandishi wa michezo aliyezoea mpira. Na mtazamaji naye hupata fungu lake katika upepo huo: bumba likipita karibu, shati humpepea.

Mbio za kuizunguka Ufaransa, Tour de France, zilianza tarehe 1 Julai 1903. Aliyezianzisha si serikali wala chama cha michezo. Ni gazeti, L'Auto, chini ya mhariri wake Henri Desgrange, lililokuwa likipigania wasomaji na gazeti jingine. Wapandaji 60 waliondoka na 21 wakamaliza. Hatua zilikuwa sita tu, baadhi zikizidi kilomita 400, hata ikalazimu kupanda usiku kucha. Mshindi, Maurice Garin, ambaye ujanani alikuwa mzibuaji wa mabomba ya moshi, alimpita wa pili kwa takriban saa tatu. Mauzo ya gazeti yalizidi maradufu. Basi hapo tumekwisha kuona siri ya mchezo usio na mlango: anayelipia ni mtu mwingine. Mwanakijiji aliyetoka kuangalia alikuwa akitazama bure, na kesho yake akanunua gazeti ili ajue alichokitazama. Kuanzia mwaka 1930 ukaongezwa msafara wa magari ya matangazo yanayotangulia mbio yakirusha zawadi ndogondogo barabarani, na watoto wengi wa Ufaransa hadi leo hukumbuka kofia na peremende kuliko wapandaji.

Mwaka wa pili tu, 1904, watu wa kando ya njia walionyesha sura yao ya pili. Karibu na mji wa Saint-Étienne, usiku, mashabiki wa mpandaji wa kwao, André Faure, waliiziba barabara. Faure wakampisha, waliomfuata wakawapiga kwa fimbo na mawe. Waandalizi walifyatua bastola hewani ndipo njia ikafunguka. Mashindano yalipokwisha, udanganyifu wa kila namna ulikuwa umegunduliwa, wa kwanza hadi wa nne wote wakafutwa, na ushindi ukapewa kijana wa miaka 19, Henri Cornet. Desgrange aliona mchezo wake umekufa kabla ya kutambaa.

Ushabiki wa namna hii si mgeni kwetu sisi wa pwani. Wazee wetu wa beni walikuwa na Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyogawa mitaa kuanzia Lamu na Mombasa hadi miji ya bara, kila kimoja na sare zake, vyeo vyake na ngoma zake, na mtu aliweza kufilisika kwa ajili ya kumshinda jirani kwa karamu. Wapagazi na askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliichukua beni hadi Ziwa Nyasa, na huko ikazaa mganda, ngoma ya mistari iliyonyooka na hatua za gwaride, ambayo mpaka leo huchezwa katika wilaya za ziwani za mkoa huu ninaouandikia. Kwa hiyo mtu wa pwani akisoma habari za Saint-Étienne asijifanye kushangaa. Mtu akikipenda cha kwao mno, jiwe huwa karibu na mkono.

Na haikuishia 1904. Mwaka 1975 Eddy Merckx, Mbelgiji aliyekwisha kushinda mara tano, alipigwa ngumi ya mbavuni na mtazamaji akipanda mlima wa Puy de Dôme. Hakushinda tena mbio hizo maishani mwake. Tarehe 26 Juni 2021 mtazamaji mmoja aliinyoshea kamera kadi ya kuwasalimu babu na bibi yake, mgongo ukiwa umegeukia mbio. Kadi ilimgusa mpandaji mmoja, na nusu ya bumba ikaanguka juu ya lami. Hilo la pili limenikaa moyoni kuliko la kwanza. Yule wa 1975 alikuwa na chuki. Huyu wa 2021 alikuwa na babu na bibi. Alisahau tu kwamba alikuwa ndani ya mchezo, si mbele yake.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha tarehe 14 Julai 2016, kwenye mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa. Upepo kileleni ulikuwa mkali, waandalizi wakaishusha kamba ya mwisho kilomita sita, na watu waliokuwa wamesambaa mlima mzima wakabanana sehemu ya chini. Njia ikawa nyembamba mno hata pikipiki ya wapiga picha ikalazimika kusimama ghafla. Wapandaji watatu waliokuwa nyuma yake waliivaa. Miongoni mwao alikuwa Chris Froome, mwenye fulana ya manjano ya kiongozi, na baiskeli yake ikavunjika hapo hapo. Gari la timu lilikuwa limekwama nyuma katika umati. Froome akafanya jambo ambalo halikupata kuonekana katika mchezo huu: aliianza njia kwa miguu, akikimbia kupanda mlima na viatu vyake vya chuma, mashabiki wakimpigia kelele pande zote mbili, mpaka alipopatiwa baiskeli. Waamuzi walimrudishia muda wake, na siku kumi baadaye akashinda mbio hizo kwa mara ya tatu. Mara ya nne ilikuwa 2017.

Huyo Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Barabara za kwanza alizozijua ni za Kikuyu, alikokuwa akipanda vilima pamoja na vijana wa David Kinjah, mpandaji wa Kenya aliyeigeuza nyumba yake kuwa chuo cha baiskeli. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Uraia wa Uingereza alianza kuupandia 2008. Sitaki kuanza ugomvi wa mtoto ni wa nani. Ninachosema ni kwamba yule mtu mwembamba aliyekimbia kwa miguu katikati ya umati wa Ventoux aliwahi kuwa kijana aliyepita mbele ya maduka ya mahindi ya kuchoma Kikuyu bila ya mtu kugeuza shingo. Afrika ya Mashariki ilikuwa na mpandaji, ikawa haina watu kando ya njia.

Je, ni kweli haikuwa nao? Eritrea ilikuwa nao tangu zamani. Waitalia ndio waliopeleka baiskeli za mashindano huko, na mbio za kuizunguka nchi hiyo zilifanyika kwa mara ya kwanza 1946. Waeritrea wakauchukua mchezo na kuufanya wao. Tarehe 1 Julai 2024 Biniam Girmay, mtoto wa Asmara, alishinda hatua ya Tour de France mjini Torino, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, miaka 121 kamili baada ya wale 60 wa Desgrange kuondoka. Alishinda hatua tatu mwaka ule na fulana ya kijani juu yake. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na Safari Rally, iliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza na baada ya muda ikawa sikukuu ya wanavijiji waliokesha kumngojea Joginder Singh apite na vumbi lake. Na hapa Tanzania, Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, mashindano ya baiskeli yamekuwapo kwa miaka mingi, wanaume, wanawake na walemavu wakiwa na mbio zao, wengi juu ya baiskeli zile zile nzito za kubebea magunia, na Wasukuma hawajapata kuona ajabu kumshangilia mtu aliyepanda Phoenix.

Hata hivyo aliyeionyesha dunia umati wa Kiafrika kando ya njia ni Rwanda. Mbio za kuizunguka nchi hiyo zilianza 1988, zikakatizwa na vita na mauaji ya kimbari ya 1994, na tangu 2009 zikaingia katika kalenda ya kimataifa. Adrien Niyonshuti, aliyeokoka mauaji yale akiwa mtoto na kupoteza ndugu zake sita, alishiriki Michezo ya Olimpiki ya London 2012. Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda 2014, Mnyarwanda wa kwanza tangu ilipokuwa ya kimataifa, akarudia 2016. Waliohudhuria husimulia jambo moja wote: milima inahama. Kuta za kijani zilizozunguka barabara zimejaa watu, toka chini hadi juu, na mpandaji hupita kama mtu anayepita katikati ya bakuli lililojaa sauti.

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika tangu mashindano hayo yaanze 1921. Siku ya mwisho wanaume walipanda kilomita 267.5, na jumla ya miinuko ilizidi mita 5,400, kama mtu aliyeanzia ufukweni akaupanda Kilimanjaro hadi karibu na kilele. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alipanda peke yake kilomita 66 za mwisho, akashinda. Njia ilipanda mlima Kigali, ikaupanda pia ukuta wa mawe ambao wenyeji huuita Kwa Mutwe, upande wa Nyamirambo. Msomaji wa pwani alitilie maanani jina hilo. Nyamirambo ni mtaa wa Waswahili na Waislamu wa Kigali, watoto wa wafanyabiashara na askari waliofika huko tangu enzi za Wajerumani, na Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, hapo kilikuwa lugha ya barazani miaka mingi kabla ya sheria. Basi mbio kubwa kuliko zote za mwaka zilipita barazani petu, tuseme hivyo, na sisi tulikuwa tukitazama mpira wa Uingereza.

Si kila kitu kilikuwa cheupe. Mapema mwaka huo huo Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa M23, Bunge la Ulaya likataka mashindano yafutwe iwapo Rwanda haitabadili mwenendo wake huko Kongo, na timu moja ya Ubelgiji ilijitoa katika Tour du Rwanda ya Februari kwa hofu ya usalama. Wapo waliosema kuwa serikali iliutumia umati ule kama pazia. Na kweli shule za Kigali zilifungwa wiki nzima na watumishi wakahimizwa wafanyie kazi nyumbani. Lakini kumfungia mtu shule si kumwamuru asimame juani. Watoto wale wangeweza kulala. Walitoka, wakapanda kingo za barabara, wakawashangilia watu wa Slovenia, Ubelgiji na Kanada, ambao hawakuwa wa kabila lao, wala wa nchi yao, wala wa bara lao, na hapakuwa na Faure wa kupishwa. Ninapofikiria furaha ya kando ya njia katika hali yake safi, nafikiria hiyo: kushangilia bila ya kuwa na wa kwenu. Mwenye kuumia kwa ajili ya Goma ana haki ya kuumia, nami ni mmoja wao. Lakini sitamnyang'anya mtoto wa Nyamirambo asubuhi yake.

Sasa turudi Songea, na hapa ndipo neno *barabara* linapobadilika uzito.

Njia ya kwanza kubwa kupita nchi hii ya Wangoni ilikuwa ya kwenda Kilwa. Ilitoka Ziwa Nyasa, na waliopita juu yake walikuwa na pembe za ndovu mabegani na minyororo shingoni. Sisi wa pwani tulikuwa mwisho wa njia hiyo, na si vizuri kulisahau hilo tunapouliza kwa nini mtu wa bara aligeuza uso alipoona msafara. Wajerumani walijenga boma hapa mwaka 1897, wakaupa mji jina la nduna Songea Mbano; miaka minane baadaye ikaja Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea naye alinyongwa. Mtu wetu wa pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, alivitungia vita hivyo utenzi, na Whiteley akautoa na tafsiri yake 1957, kwa hiyo wapenda ushairi hawana udhuru wa kusema hawakuwa na habari. Kisha zikaja barabara za kodi, zilizolimwa kwa mikono ya wasio na fedha ya kulipa. Kisha barabara ya manamba: vijana wa Kingoni na Kimatengo wakiondoka kwa mamia kwenda kukata mkonge Tanga, mama zao wamesimama kando. Aliyerudi salama, na aliyeweka akiba, alirudi na baiskeli.

Nimeitafakari sana baiskeli hiyo. Ndiyo kitu cha kwanza ambacho barabara ya Songea ilileta badala ya kuchukua. Ilikuwa Raleigh kwa waliojiweza, baadaye Swala zilizotengenezwa nchini, kisha Phoenix ya Kichina na Avon ya Kihindi, na yote hayo yangali yakionekana hapa, yamefungwa mipira na nyaya, yakibeba mkaa, mahindi, magunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali ya Peramiho. Pikipiki za abiria, ambazo Songea huziita yeboyebo, zimechukua abiria. Mzigo wa maskini haujashuka kwenye baiskeli.

Baada ya Uhuru mtu wa Songea alifundishwa tena kusimama kando ya njia, safari hii kwa heshima. Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 umekuwa ukikimbizwa nchi nzima tangu 1964. Mwanafunzi gani wa Tanzania, bara na visiwani, hajasimama juani na tawi la mti mkononi, akiambiwa msafara uko karibu, uko karibu, uko karibu? Msafara hufika, magari hupita na vumbi, wimbo huimbwa, watu hurudi nyumbani. Siidharau ibada hiyo. Iliwaunganisha watu waliokuwa hawajuani. Lakini ni kusimama kwa kuitwa. Orodha ya mahudhurio iko mkononi mwa mwalimu.

Hilo ndilo linaloifanya furaha ya kando ya njia, kwa mtu wa huku, kuwa jambo zito kuliko inavyoonekana. Kwa zaidi ya miaka 100 kila kundi lililosimama kando ya barabara ya Songea lilikuwa limeletwa na mtu: na mwenye minyororo, na mwenye boma, na mwenye kodi, na mwenye risala. Mbio za baiskeli hazimleti mtu. Hazina hotuba, hazina mgeni rasmi anayesubiriwa, na zikichelewa hazimwombi radhi mtu. Anayetoka ametoka mwenyewe. Mkulima wa Rwanda aliyeacha jembe lake kwa saa tatu ili aone bumba likipita kwa nusu dakika hakuandikwa katika daftari lolote, na nadhani sehemu ya kelele zake ilikuwa furaha ya jambo hilo.

Wala Songea haikosi mahali pa kupitishia mbio. Lami ya Makambako ilifika miaka ya 1980 kwa fedha za Uingereza. Ile ya Namtumbo na ile ya Mbinga zikaja baadaye kwa msaada wa Marekani. Na kipande cha mwisho kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kimekamilika miaka ya karibuni. Chukua basi ramani, msomaji, uifuate njia kutoka mjini, chini ya vilima vya Matogoro ambako mto Ruvuma huanzia, hadi ziwani: kilomita zipatazo 170, karibu sawa na zile ambazo wanawake walishindania ubingwa wa dunia Kigali. Unapita njia panda ya Peramiho, unaanza kupanda Umatengo, na pande zote mbili unaona miteremko iliyochorwa mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo kinachozuia udongo usichukuliwe na mvua, safu juu ya safu kama ngazi za uwanja. Mwanzoni niliyaona mashimo hayo kama kilimo tu. Baada ya kuona picha za Kigali siwezi tena kuyatazama bila ya kuweka mtu katika kila tuta. Kisha Mbinga na kahawa yake, kisha mteremko mrefu wa kutisha, na chini kabisa maji ya Nyasa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," husemwa, na watu wa mipango wakisikia mbio za kimataifa huanza kuhesabu vyumba vya hoteli. Waacheni wahesabu. Mimi nahesabu kingo za barabara.

Kuna kanuni moja katika vitabu vya mchezo huu ambayo ingeleta taabu hapa. Mtazamaji haruhusiwi kumsukuma mpandaji mlimani, na mpandaji anayeomba kusukumwa hutozwa faini au huongezewa muda. Jioni, katika kilima cha kuingilia mjini kutoka upande wa Peramiho, hupita wabeba mkaa, magunia mawili au matatu nyuma, mwenye baiskeli ameshuka na ameinama mpaka kifua kinakaribia usukani. Hakuna anayemwita mtu. Mvulana aliyekuwa amekaa ukingoni huinuka, huweka viganja viwili kwenye gunia la nyuma, husukuma hadi kilima kinapoisha, kisha hurudi kukaa alipokuwa, mikono yake myeusi, akimngojea anayefuata.